Kurasa za Ng'ambo ya Ziwa

Nilipofika palipoandikwa jina la kaka yangu, vidole vyangu vilipiga chapa maneno mawili zaidi kabla moyo haujaelewa. Kisha vikasimama.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tisa, mwaka 1972, yapata saa tisa na nusu alasiri. Upepo wa kiangazi ulikuwa unaleta vumbi la barabarani mpaka uani kwetu, mtaa wa Gongoni mjini Tabora, na karatasi zangu nilikuwa nimezikandamiza kwa jiwe la kusagia bizari. Mama alikuwa ameketi jamvini upande wa pili, anamenya karanga.

"Mbona kimya?" aliuliza bila kuinua kichwa. Kwa miezi minane alikuwa amezoea mlio wa taipureta ile kama watu wanavyozoea jogoo wa jirani.

"Utepe umejisokota, mama."

"Utengeneze basi. Leo mwenyewe anaondoka."

Nililijua hilo. Raymundi Lugembe alikuwa amepata simu ya maandishi kutoka gazetini kwake Dar es Salaam. Alitakiwa aende kusini, avuke mto Ruvuma, akaandike tena habari za vita. Treni ilikuwa inaondoka saa moja jioni. Alipokuja kuniaga alisimama mlangoni, nusu ndani nusu nje kama kawaida yake, akanipa daftari la kijani.

"Hili ndilo ulilokuwa unaniuliza kila siku," alisema. Hakunitazama usoni. "Tafadhali, Fakhria, usilifungue mpaka kesho."

"Kwa nini kesho?"

"Kesho tu."

Akageuka, akaenda na mguu wake unaochechemea kidogo. Alipopinda kona ya msikiti nikalifungua.

Raymundi alikuja Tabora mwezi wa kwanza, kuwa mwakilishi wa gazeti lake mkoani. Kwao ni Ndala, Wakatoliki wa misheni, baba yake mkulima wa mpunga. Lakini yeye mwenyewe Ndala hakukaa. Miaka karibu kumi alikuwa nchi za watu, anaandika vita vya watu. Sasa mguu ulikuwa umeumia, wakubwa wake wakamwambia apumzike, naye akaamua kuandika kitabu cha kumbukumbu zake. Alihitaji mtu wa kumpigia chapa. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisi ya mkoa, kazi inaisha saa nane na nusu. Mama alikubali kwa masharti. Kazi ifanyike uani kwetu, mlango uwe wazi, na mgeni aondoke adhana ya magharibi kabla haijaadhiniwa.

Mjomba wangu Humaidi hakukubali kwa sharti lolote.

"Mwanamume wa miaka thelathini na minne, hana mke, hana makazi, na si wa dini yetu," alimwambia mama mbele yangu. "Anatafuta nini nyumbani kwa mjane mwenye binti?"

"Anatafuta kitabu chake kiishe," mama alijibu.

Sijui kama mama aliamini alichokisema. Mimi sikukiamini baada ya wiki ya tatu. Raymundi alikuwa akinisomea pale mwandiko wake ulipokuwa mbaya, na sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha waliolala. Alinisomea habari za watu waliolala katika kanisa lisilo na paa, wakipanga zamu za kulala kwenye kona iliyobaki kavu. Alinisomea habari za mwanamke aliyevuka ziwa na kuku saba na akasahau viatu, na za betri za redio zilizoanikwa juani ili zifufuke kwa dakika kumi. Barua zake za kwenda gazetini zilifungwa kwenye nailoni na kupita mikononi mwa watu sita asiowajua, zikafika Dar es Salaam baada ya siku kumi na saba.

Hakuweza kukaa. Angesoma ukurasa mmoja, akainuka, akaenda mlangoni, akaangalia barabara huku na huku, akarudi. Sahani ikianguka jikoni, mimi nilipokuwa ninageuza kichwa yeye alikuwa amekwisha kusimama ukutani, macho yamemtoka. Halafu angeona haya, akacheka, akajifanya alikuwa ananyoosha mguu.

Siku moja tulikuwa tunatenganisha karatasi za kaboni, kidole chake kikagusa changu. Hakukiondoa upesi. Wala mimi.

"Fakhria," alisema, "ningekuwa mtu wa kutulia, ningekuja kwa mjomba wako."

"Basi tulia."

"Sijui inavyofanywa."

Nilimpenda tangu hapo, au labda kabla ya hapo. Kuna kitu kimoja tu kilichonisumbua katika kazi ile. Alinipa daftari la kwanza, la Kongo, kisha akaruka akanipa la tatu, la msitu wa kusini. Nilipouliza la pili alisema limepotea. Baadaye akasema halisomeki. Baadaye akasema atalitafuta.

Sasa lilikuwa mapajani mwangu.

Niseme pia habari ya kaka yangu. Nasor alivuka ziwa Tanganyika mwaka 1963, akiwa na miaka ishirini na minne, kwenda kuuza vitambaa upande wa Kongo. Wazee wetu walipita njia hiyo ya Ujiji tangu enzi za misafara, wakaoa huko, wakazika huko, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Aliandika barua tano. Ya mwisho ilifika mwaka 1965. Baba alikufa akiiomba isomwe. Mama hakuwahi kusema neno "marehemu" kwa mwanawe. Alisema "Nasor akirudi." Chumba chake kilifagiliwa kila Ijumaa.

Na daftari la kijani lilisema hivi:

"Mwenyeji wangu katika mji ule mdogo wa ufukweni alikuwa kijana wa Tabora, muuza vitambaa, Nasor bin Darwesh. Alinilaza dukani kwake siku kumi na tisa nilipokuwa naumwa homa. Wenzake wote walikwisha kuvuka. Yeye alikataa kuniacha. Siku mtumbwi ulipopatikana, tulikuwa tumekwisha kufika majini tulipokumbuka mkoba wangu wa madaftari. Alirudi mwenyewe kuuchukua. Nilisikia risasi mbili. Nilimzika jioni ile."

Nilisoma mara tatu. Karanga za mama ziliendelea kudondoka kwenye sufuria, moja moja. Nikafunika taipureta, nikavaa buibui.

"Kuna ukurasa siusomi mwandiko wake," nilisema. "Naenda kumwuliza kabla hajaondoka."

Mama alinitazama kwa muda mrefu kuliko neno lile lilivyostahili. Nadhani alifikiri nakwenda kumlilia asiondoke.

"Nenda, urudi upesi," alisema. "Na usiingie chumbani kwa mwanamume."

Kutoka Gongoni mpaka mtaa wa Ipuli nilikwenda kwa miguu na sikumbuki nilikutana na nani. Raymundi alikuwa amepanga kwa Mama Pelagia, mjane mmoja wa makamo. Nilimkuta anafagia uwanja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unamtafuta Raymundi? Yumo. Tangu asubuhi anafunga mzigo, anafungua, anafunga tena. Mpaka nimechoka kumtazama." Aliniangalia usoni, akaegemeza ufagio ukutani. "Ngoja nikachote maji," alisema, ingawa ndoo zake mbili zilikuwa zimejaa.

Raymundi alitoka, shati halijafungwa vifungo vya mikono. Aliona daftari mkononi mwangu.

"Umesoma."

"Ulijua nitasoma."

"Nilitumaini utasoma nikiwa nimefika Itigi."

"Miezi minane, Raymundi," nilisema. "Umekunywa kahawa yetu miezi minane. Mama amekuwekea sahani. Amekueleza habari za Nasor, jinsi alivyokuwa anaogopa bata alipokuwa mdogo. Nawe ukakaa unasikiliza."

"Nilikuwa namjua," alisema polepole. "Hiyo ya bata alinieleza mwenyewe."

Nilitaka kumpiga. Mkono uliinuka, nikaushusha.

"Kwa nini hukusema?"

Alianza kutembea, kutoka mlangoni mpaka kwenye kamba ya nguo, na kurudi. "Tabora sikuletwa. Niliomba. Walitaka kunipeleka Arusha, nikasema nataka Tabora, nina ujumbe wa mtu. Nilikaa wiki nzima nikijifunza maneno. Halafu nikabisha hodi kwenu. Mama yako akanikaribisha, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia nimetembea sana, miaka ile nilikuwa Kongo. Akaweka kikombe chini. Akaniuliza, 'Hukumsikia mwanangu Nasor huko?' Alikuwa anatabasamu, Fakhria. Alikuwa ananitazama kama mtu anayefungua barua. Nikasema hapana."

"Hapana."

"Neno moja. Nikasema moyoni, kesho nitarudi nirekebishe. Kesho yake wewe ndiye uliyefungua mlango."

Akasimama. Tulitazamana. Macho yale nilikuwa nimeyaona kwa miezi yote ile, kila siku nikiyatafsiri kuwa ni mapenzi, na mapenzi yalikuwamo, lakini nyuma yake kulikuwa na kaka yangu. Hilo liliniuma kuliko risasi nilizozisoma.

Kisha nikakumbuka jambo lililonisumbua tangu niliposoma mara ya tatu.

"Nimepiga chapa kurasa mia mbili na kumi zako," nilisema. "Nimekujua unavyoandika. Unataja saa. Unataja rangi ya mlango. Mbuzi akipita unaandika ana pembe ngapi. Hapa umeandika 'alirudi mwenyewe,' basi. Ni kweli alirudi mwenyewe?"

Alishika kifungo cha mkono wa shati, akakiacha wazi.

"Raymundi, nimekuuliza."

"Nilimwomba," alisema.

Sauti haikuwa yake. Alikaa chini kwenye kizingiti.

"Nilikuwa bado na homa. Tulipofika majini nikaona sina mkoba, nikaanza kulia. Mtu mzima, nalia. Nikamwambia bila madaftari yale mwaka mzima umepotea, hakuna atakayejua yaliyowapata watu wale. Akacheka. Akasema, 'Kaa hapa wewe, hata kusimama huwezi, nakuja sasa hivi.' Alikuwa amevaa shati jeupe lenye mistari ya buluu, amekunja mikono. Ilikuwa saa kumi na robo. Nilimwona akirudi na mkoba begani, akauinua anionyeshe. Ndipo wakapiga. Askari gani, wa upande gani, hata leo sijui."

Mkoba ule ulikuwa na daftari la kwanza. Daftari nililolipiga chapa mwezi wa pili na wa tatu, nikicheka peke yangu kwenye visa vya kuku na viatu. Nilihisi vidole vyangu vimekuwa vya mtu mwingine.

"Unanipenda?" nilimwuliza.

"Ndiyo."

"Na unakimbia."

"Ndiyo."

"Basi sikiliza. Treni yako ipo, kapande ukitaka. Lakini ukipanda, nitamwambia mama peke yangu. Nitamweleza na haya ya kumwomba. Na nitamwambia aliyemzika mwanawe alikuwa hapa miezi minane, akashindwa kufungua mdomo. Baada ya hapo, jina lako mimi sitalitamka tena mpaka nakufa."

Nilianza kuondoka bila kungoja jibu. Nilikuwa nimefika mbele ya nyumba ya tatu niliposikia mguu unaochechemea nyuma yangu. Hakunifikia, wala sikumngoja. Tulikwenda hivyo mpaka Gongoni, hatua kumi kati yetu, na kila mtu aliyetupita alidhani hatujuani.

Mama alikuwa bado jamvini. Jua lilikuwa limeshuka hadi kwenye ukuta wa uani.

"Shikamoo, mama," Raymundi alisema.

"Marahaba. Nilidhani umekwisha kwenda stesheni." Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Akaisogeza sufuria ya karanga pembeni. "Kaeni. Nani amekufa?"

Raymundi aliketi mbele yake, magoti yakigusa jamvi. "Mama, siku ya kwanza uliniuliza kama nilimsikia Nasor. Nilikudanganya. Nilikaa naye. Nasor amefariki, mama. Amefariki tangu mwaka 1965. Mimi ndiye niliyemzika."

Nilikuwa nimejiweka karibu ili nimshike asianguke. Hakuanguka. Alisema maneno ya kumrejesha mtu kwa Mola wake, taratibu, kwa Kiarabu, mpaka mwisho. Kisha akakunjua na kukunja pindo la kanga.

"Siku hiyo alikula nini?" aliuliza.

Raymundi hakutegemea swali hilo. "Muhogo wa kuchemsha. Na chai. Hatukuwa na sukari, akalalamika."

"Alipenda sukari." Akatikisa kichwa. "Nani alimwosha?"

"Mimi, mama. Alikuwapo bibi mmoja wa Kimanyema, Bi Tufaha, hakuweza kukimbia kwa uzee. Yeye ndiye aliyenielekeza. Sanda tulikata kwenye jora la dukani kwake mwenyewe. Mimi dua sikuzijua. Bi Tufaha alisoma, nami nikachimba."

"Mlimlazaje?"

"Ubavu wa kulia. Bi Tufaha alinionyesha upande wa kibla. Kuna mchikichi mmoja hapo, na niliweka mawe ya ziwani pembeni yote."

Machozi yalianza kumtoka mama, bila sauti. Nilidhani mambo yamekwisha, kwamba Raymundi ataishia hapo, na sehemu moja ya moyo wangu ilimwomba aishie hapo. Mama alikuwa amekwisha kunyoosha mkono kumgusa kichwani.

"Mama, kuna jambo moja zaidi," alisema. "Tulikuwa tumekwisha kufika majini tuvuke. Hakurudi dukani kwa hiari yake. Nilimtuma. Nilimlilia akanichukulie mkoba wangu wa madaftari, na huko ndiko alikopigwa."

Mkono wa mama ulibaki hewani, kisha ukarudi mapajani.

Upande wa stesheni treni ilipiga honi. Kwa kawaida sauti kama ile ingemwinua Raymundi. Safari hii hata jicho halikucheza.

"Toka nje," mama alisema. "Usiende mbali. Toka tu nisikuone."

Alitoka. Mama akaniangukia kifuani, na pale ndipo alipolia sauti ya miaka saba.

Mjomba Humaidi alikuja, majirani wakaja, wanawake wakajaa ndani. Raymundi alikaa kwenye baraza ya nje, mgongo ukutani, na hakuna aliyemsemesha. Kulipokucha Ijumaa bado alikuwa pale, shati lilelile, vifungo vya mikono bado wazi. Nilimwona dirishani. Nilikuwa na hasira naye mpaka meno yaliniuma, na hapohapo nilitaka kumpelekea kikombe cha chai. Sikujua nifanye lipi, sikufanya lolote.

Mikeka ya wanaume ilianza kutandikwa. Ndipo mjomba akamwendea.

"Wewe umekwisha sema uliyokuja kusema," alimwambia. "Watu wanakuja kutupa pole sasa. Si vizuri wakukute. Nenda zako."

Raymundi alisimama. Hakubisha.

Sikutegemea mama angetoka. Mwanamke aliyefiwa hakai mbele ya wanaume, na mama alikuwa mtu wa kushika taratibu kuliko mjomba mwenyewe. Lakini mlango ulifunguliwa, akasimama kizingitini amejitanda kanga mbili, macho yamevimba.

"Anakwenda wapi huyo?" aliuliza.

"Anakwenda kwake, dada."

"Aliyemwosha mwanangu anakaa mkekani."

"Dada, ndiye aliyemtuma kufa."

"Alimtuma mkoba," mama alisema. "Na mimi nilimtuma Kongo. Umesahau, Humaidi? Yeye hakutaka kwenda. Alitaka kubaki hapa aendeshe duka na baba yake. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, kijana haoti mzizi dukani kwa baba, nenda ukaone nchi. Nilimfungia nguo kwa mikono hii. Miaka saba nasema atarudi, kwa sababu asiporudi mimi ndiye niliyempeleka." Alivuta pumzi. "Sasa kama leo tunafukuza waliomtuma Nasor, nifukuze na mimi."

Mjomba alitazama chini kwa muda. Mwishowe alimshika Raymundi bega, si kwa upole, akamkalisha mkekani kando yake.

Siku tatu Raymundi alikaa pale. Watu walipoingia walimpa mkono kama walivyompa mjomba, na wengi hawakujua kwa nini. Hitima iliposomwa aliinamisha kichwa. Nilimchungulia dirishani mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu aliye msibani, na kila nilipochungulia nilimkuta palepale. Sinia lilianguka jikoni siku ya pili, kelele ikafika barabarani. Alishtuka, akashika mkeka kwa vidole. Akabaki ameketi.

Siku ya tatu nilimwona mjomba akimpelekea kahawa. Hakumtazama alipompa, lakini alimpelekea mwenyewe.

Jumatatu asubuhi mikeka ilikunjwa. Raymundi alikuja mlangoni na begi lake. Mama alikuwa ndani, nami nilikuwa nimeketi uani mbele ya taipureta ambayo sikuwa nimeigusa tangu Alhamisi. Alisimama nusu ndani nusu nje.

"Ingia," nilisema. "Au utoke. Siwezi kuzungumza na nusu ya mtu."

Akaingia.

"Bado una hasira," alisema.

"Ninayo. Sijui itakwisha lini. Pengine haitakwisha yote."

"Utanisubiri?"

Nilikuwa nimelifikiria swali hilo siku tatu, nikijua litakuja. Nilijua pia wasichana wanavyolijibu. "Sitakusubiri," nilisema. "Nimeona kusubiri kulivyomfanya mama. Amefagia chumba cha mtu miaka saba. Mimi sifagii. Ukitaka kwenda vitani, nenda salama, na nitakuombea Mungu. Lakini usiondoke na moyo wangu ukaniachia mlango wa kuangalia."

Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu mwingine nyuma ya macho yake. Tulikuwa wawili tu mle uani. Nilihisi uso unapata moto, nikashika karatasi isiyo na kazi, nikainyoosha.

"Treni yako saa ngapi?" niliuliza, ili niseme kitu.

"Sipandi treni. Nakwenda kituo cha mabasi. Kuna basi la Nzega saa nne, litanishusha njia ya Ndala." Aliweka begi chini. "Nakwenda kumchukua baba. Jana nilimwuliza mjomba wako kama nikija na mzee wangu atatufungulia mlango. Akasema ndoa ya bomani hataki kuisikia, na kwamba habari ya dini ni mazungumzo marefu. Nikamwambia safari hii ninao muda. Akasema, mlango ni wa dada yake, nimwulize yeye."

"Na mama amesemaje?"

"Sijamwuliza bado. Ndiyo maana natetemeka."

Alikuwa anatetemeka kweli. Nilicheka, msibani, nikaziba mdomo.

"Na gazeti?" niliuliza. "Walikutaka Ruvuma."

"Nilimtuma mtu awapelekee simu juzi. Nimewaambia siwezi kwenda, nina msiba wa ndugu."

Nikanyoosha mkono, nikamfunga kifungo cha shati cha mkono wa kulia, kisha cha kushoto. Mlango ulikuwa wazi, yeyote angeweza kuona. Alisimama ametulia mpaka nikamaliza. Akachukua begi lake, akaenda.

Mama alitoka ndani baada ya muda, akaangalia barabarani, kisha akaniangalia mimi.

"Amekwenda?"

"Amekwenda Ndala, mama. Kumleta baba yake."

Alifikiri kidogo, akiinua mkono kukinga jua.

"Ndala si mbali," alisema. Kisha akaniita jikoni tukatazame kama unga uliopo unawatosha wageni.